Mbu Aliyevaa Ngalawa

Njooni, wanangu, sogeeni karibu. Msiiguse bado, gundi haijakauka.

Hii ni ndege ya plastiki. Mnaiona ndogo? Kila kipimo chake kimegawanywa kwa 72. Ndege yenyewe ilikuwa na upana wa mita 16 na nusu, kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Hii yangu haifiki sentimita 23. Mkipunguzwa ninyi hivyo hivyo, kila mmoja atakuwa na kimo cha punje ya harage.

"Inaitwaje, Mjomba?"

Inaitwa Mosquito, yaani Mbu. Iliundwa Uingereza na kampuni ya de Havilland, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ilibeba mabomu, siwafichi. Iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940. Na mwili wake, wanangu, ulikuwa wa mbao.

"Mbao? Kama kabati?"

Kama kabati! Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja. Hata mafundi wa samani waliunda sehemu zake. Walichukua mbao nyembamba ngumu, wakaweka katikati mti mwepesi uitwao balsa, wakafunika kwa mbao nyembamba tena. Mwili waliuunda nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, kama ganda la karanga. Wakapitisha nyaya na mabomba ndani, ndipo wakalifunga ganda. Na gundi yao ya mwanzoni, mnajua ilitokana na nini? Maziwa! Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu.

Haya, tazameni plastiki yangu. Nusu ya kushoto, nusu ya kulia. Nilipozibana kwa vibanio vya nguo, nilikuwa nafanya kazi ya wale mafundi.

"Lakini Mjomba, mbona Mbu wako amevaa ngalawa?"

Macho yako makali, mwanangu. Hayo ni maboya, ya kuifanya ndege ielee majini.

"Mbu wa kweli alikuwa nayo?"

Hakuwa nayo. Huyu ni Mbu wa "ingekuwaje". Waingereza waliwahi kuipachika maboya ndege nyingine, Spitfire, na mwaka 1943 chache zilipelekwa Misri, kwenye ziwa la Great Bitter. Basi nikajiuliza: ingekuwaje kama Mbu naye angevaa? Mbu wa nyumbani hutaga majini, huyu wa mbao aogope maji kwa nini?

Wako watu ambao kwao "ingekuwaje" ni kubandika chochote popote. Mimi hapana. Nikajaza maji beseni, nikatia udongo wa mfinyanzi ndani ya injini zake mbili ili ziwe nzito kama za kweli, nikamweka Mbu juu ya maji.

Mbu akazamisha pua, pwaa!

"Mjomba," akalia, "injini zangu ziko mbele, maboya yako mafupi!"

Nikachonga mengine marefu, nikayapiga msasa. Nikayachonga kwa balsa, kwa heshima yake. Sasa akaelea.

"Mjomba," akasema tena, "chini ya maboya ni laini mno. Nitaondokaje?"

Mmewahi kuweka sahani iliyolowa juu ya meza? Ukiinyanyua, inang'ang'ania. Maji nayo huling'ang'ania boya. Kwa hiyo maboya ya kweli hukatwa kidato kidogo upande wa chini, hewa ipenye, ndege ibanduke. Nikachukua tupa, nikakata kidato.

"Mjomba," akasema mara ya tatu, "gundi gani umenitia?"

Hapo nilinyamaza. Gundi ile ya maziwa haikupenda unyevu, na kiwandani walikuja kuibadilisha. Nikamwambia: wewe ni Mbu wa baadaye, umepata gundi mpya. Akaridhika.

"Na hili pezi chini ya mkia, Mjomba?"

Ah! Umeliona. Mshale una manyoya wapi? Nyuma. Yakiwa nyuma, mshale huenda mbele. Sasa maboya haya yana ubavu mkubwa, na ubavu huo umejaa upande wa mbele. Ni kama kuupa mshale manyoya mbele. Upepo ukipiga, ndege inapotea njia. Ile Spitfire ya maboya iliongezewa pezi chini ya mkia kwa sababu hiyo, nami nimemkatia Mbu lake kutoka kopo la mtindi.

"Linafanya kazi kweli?"

Gundi imekauka. Mweke kwenye beseni, taratibu. Nenda upande wa ubavu wake. Sasa mpulizie, polepole, kama unapoza chai.

Akampulizia. Mbu akatikisika kidogo, mkia ukasogea, pua ikaja, ikaja, mpaka akawa anamtazama mtoto usoni.

"Ananiangalia mimi!"

Pulizia tena, kutoka upande ule mwingine.