Muagronomi ku atelie ya kusude: bageti, TIG na tangi ya maji ya marakuja



Tangu niliweka hapa picha ya ile mashine ya kukwangua muhogo, swali moja njo linarudi: mutu wa agronomia anatafuta nini ku atelie ya kusude? Jibu ni fupi. Nilimaliza lisansi, nikatembeza barua za kuomba kazi Butembo na Beni, miezi 14 ikapita bila simu hata moja. Lakini kila nilipofika kwa wakulima upande wa Lubero, hawakuwa wananiuliza juu ya mbolea. Walikuwa wananiuliza: "Enjenyere, unaweza kututengenezea mashine?" Nikaona aibu kusema hapana kila siku. Nikaenda kwa muzee mumoja, sudere wa kartie yetu, nikamuomba anifundishe. Leo nataka kueleza vile posti inawekwa na vile inatumika, ya bageti kwanza, kisha TIG, juu TIG ilinipotezea pesa na sitaki ipoteze zenu.

Tuanze na umeme. Posti niliyonunua ni inverta ya mukono wa pili, imeandikwa ampere 200. Nilifikiri nitaiunga ku grupu yetu ya nyumbani ya kVA 2,5 na kazi ianze. Nilipogusisha bageti, grupu ikalia kama mbuzi, taa zikafifia, bageti ikanata. Muzee akacheka: "Enjenyere, hesabu munafundishwaka ni ya nini?"

Basi tupige hesabu. Bageti ya mm 2,5 inataka karibu ampere 75. Volti za moto wa kusude, wakati unawaka, zinahesabiwa hivi: 20 ukiongeza ampere mara 0,04. Hapa ni 20 na 3, maana yake 23. Ukizidisha 75 kwa 23 unapata wati 1.725 ku ncha ya bageti. Inverta yenyewe inapoteza kidogo, na zile za bei ndogo zinavuta umeme vibaya, hivi grupu inajisikia imebeba karibu kVA 3. Ya 2,5 itafanya nini hapo? Tafuta ya 5 upumue. Na ralonji usiidharau: waya mwembamba wa mita 30 unakula volti zako mbele hazijafika ku posti. Chukua waya wa milimita mraba 2,5 au zaidi, na uifungue yote. Ukiiacha imezungushwa kama nyoka, inapata moto mpaka plastiki inayeyuka.

Angalia pia kibao cha nyuma ya posti. Utaona ampere na asilimia, kwa mufano 200 na 30%. Hiyo haisemi nguvu ya mashine imebaki 30. Inasema kwa ampere 200, katika dakika 10 unasude 3, na 7 zingine unaiacha ipoe. Ukishuka chini, ku 75 ao 80, unafanya kazi karibu bila kusimama. Lakini usizime posti moja kwa moja ukimaliza. Acha ventilateri izunguke dakika chache.

Sasa kuunga. Kuna kable mbili: moja ya pensi ya bageti, ingine ya masi. Pensi ya masi inauma chuma kile unasude, hapo penye umekwangua rangi na kutu. Nusu ya matatizo ya wanafunzi wapya ni masi iliyouma rangi. Kuhusu plus na minus, soma pakiti ya bageti. Bageti za kawaida tunazoona kila duka, zenye namba 6013, zinakubali upande wowote. Mimi kwa tole nyembamba naweka bageti ku minus juu isitoboe. Zile za 7018, za kazi nzito kama shasi, ziende ku plus.

Ampere unachagua kwa kanuni moja nyepesi: chukua unene wa bageti, toa 1, zidisha kwa 50. Bageti ya 2,5 inatoa 75. Ya 3,2 inatoa 110. Hapo ni pa kuanzia tu. Ukisude kuelekea juu, punguza kidogo. Chuma kikiwa kinene, ongeza. Namba ya posti za bei ndogo si ya kuaminiwa sana, kwa hiyo jaribu ku kipande cha takataka mbele ya kugusa kazi ya mutu.

Kuwasha, kwangua kama unawasha kiberiti, kisha inua kidogo. Nafasi kati ya ncha na chuma iwe karibu sawa na unene wa bageti, si zaidi. Ukiinua sana, moto unatangatanga na matone yanaruka kila mahali. Ukishusha sana, inanata. Ikinata, usivute kwa hasira: tikisa mukono, na kama haitoki, bana pensi iachilie bageti. Lalisha bageti kidogo kuelekea kule unaenda, kama kalamu, halafu uivute. Sikiliza. Sauti nzuri ni ya mafuta yakikaanga, bila kukatika. Macho yasiangalie mwangaza; yaangalie kile kiziwa cha chuma kilichoyeyuka nyuma yake. Mimi hilo lilinichukua wiki tatu kuelewa. Nilikuwa nafukuza mwangaza, mustari wangu ukawa kama njia ya Butembo wakati wa mvua.

Ukimaliza, ganda linafunika kazi. Acha lipoe, lipige na nyundo ukiwa na miwani, piga brosi. Ganda likibaki ndani na ukasude juu yake, umeficha ufa. Na bageti zikae pakavu. Hapa kwetu na baridi ya mulima na mvua, pakiti iliyofunguliwa inavuta maji, na kazi inajaa matundu madogo kama mukate.

Mambo matatu ya mwili, haraka lakini nayaandika kwa uzito. Maski yenye kioo namba 10 kwa ampere hizi. Usiku ule niliosude "dakika moja tu" na miwani ya jua, macho yalinijaa muchanga mpaka asubuhi. Tole ya mabati, ile nyeupe ya zinki, moshi wake unaleta homa ya usiku, mwili unatetemeka kama malaria: kwangua zinki kwanza, fungua milango, kaa upande upepo unatokea. Na pipa iliyobeba esansi ao mazutu, usiisude hata kama mwenyewe anaapa ni tupu. Tupu njo mubaya, juu imejaa mvuke.

Hapo nilikuwa tayari natengeneza viti, milango, na mashine za muhogo. Kisha bamama wa kikundi kimoja wakaja. Wanakamua marakuja, wanauza maji yake ku masoko. Walitaka tangi ya inoksi ya litri 100. Wakanipa avansi ya dola 120, pesa walizokusanya kwa miezi. Mimi nikasema ndiyo. Nikanunua tole ya inoksi ya mm 1, nikaisude na bageti za kawaida za 6013, nikasafisha na brosi ile ile ya kila siku. Ilingaa. Tukapiga picha.

Siku ya tano mama prezida akanipigia simu. "Mutoto wangu, kuja uone." Litri 60 za maji ya marakuja zilikuwa na rangi ya kahawia na harufu ya musumari. Ndani, kila mustari wangu ulikuwa unalia kutu.

Mimi, mutu wa agronomia, nilijua kwamba marakuja iko na asidi kali. Nilifundishwa hiyo. Sikuunganisha tu yale ya darasani na yale ya mukono. Makosa yalikuwa mawili. Bageti ya 6013 inaacha chuma cha kawaida ndani ya inoksi, na chuma cha kawaida kinaota kutu. Na brosi ya chuma ilipaka vumbi la chuma juu ya tole nzima, hivi hata penye sikugusa pakaanza madoa. Kuna bageti za inoksi, lakini ku tole ya mm 1 ni rahisi sana kutoboa, na ganda linabaki ku kona ambazo brosi haifiki. Kwa chombo cha chakula, TIG njo dawa.

Posti yangu ilikuwa na alama ya TIG tangu mwanzo, sikuwa najua maana. Katika TIG, bageti haiyeyuki. Kuna sindano ya tungisteni ndani ya toshi, inawasha moto, na gezi ya argoni inatoka kuizunguka ili hewa isiguse chuma cha moto. Chuma cha kuongeza unakitia na mukono mwingine, fimbo nyembamba isiyo na ganda. Kwa inoksi ya kawaida ya 304, fimbo ni 308L.

Kuunga kunageuka: toshi iende ku minus, masi ku plus. Ukikosea, tungisteni inayeyuka kama mushumaa, juu sehemu kubwa ya moto inaangukia upande wa plus. Gezi iwe argoni safi. Mutu mumoja alinishauri nitumie gezi ya karboni ya soda kwa kuwa iko rahisi kupata. Hiyo inaunguza sindano papo hapo. Fungua litri 6 mpaka 8 kwa dakika. Kuongeza sana si kulinda zaidi, gezi inazunguka na kuvuta hewa. Na usisude penye upepo. Ku atelie yetu tunafunga mulango wa mbele, tunaacha wa juu.

Tungisteni ya mm 1,6 inatosha kwa kazi hizi. Nunua ya kijivu ao ya dhahabu; ile yenye ncha nyekundu iko na toriumu, vumbi lake ukinoa si la kuvuta. Noa ncha kama kalamu, mistari ya kunoa ifuate urefu wa sindano, si kuizunguka. Ikigusa kiziwa cha chuma, simama, noa tena. Siku ya kwanza nilinoa mara 22, nilihesabu.

Kwa tole ya mm 1 naweka ampere 35. Shika kwanza kwa nukta ndogo, karibu karibu, juu inoksi inajikunja sana. Kisha fungua gezi, gusisha kidogo, inua, ngoja kiziwa kitokee, chovya fimbo mbele yake, sogea. Ukimaliza usitoe toshi haraka: acha gezi ifunike mpaka wekundu uishe. Rangi ya dhahabu ni nzuri. Ikiwa nyeusi ya majivu, ulienda polepole ao gezi haikufika. Na upande wa ndani wa tangi nao unahitaji gezi, ao utatoka punje punje nyeusi kama sukari iliyoungua, na humo uchafu unajificha. Mimi nafunga nyuma ya mustari na karatasi ya aluminiyumu na kupitisha argoni kidogo. Brosi ya inoksi iwe ya inoksi peke yake, nimeipaka rangi ya bluu wasiichukue. Na usiingize kichwa ndani ya tangi: argoni ni nzito kuliko hewa, inajaa chini, haina harufu, unalala bila kujua.

Aluminiyumu msiniulize. Inataka posti ya mukondo wa kugeuka, yangu haina.

Chupa yangu ya argoni ilipitia Kasindi ku lori, na ilinichukua avansi za kazi tatu. Chupa ya litri 50 ikijaa baa 200 iko na litri 10.000, kwa litri 8 kwa dakika ni karibu masaa 20 ya moto. Tangi ya pili ya bamama nimeitoa, bila malipo. Waliijaza maji na ndimu wiki nzima mbele ya kukubali. Zile litri 60 nazilipa kidogo kidogo, nimebakiza nusu.

Chupa iko na baa 60 sasa, maana yake masaa 6. Mwenye anataka kujaribu aje siku ya posho saa mbili asubuhi, na suruali ya pamba na viatu vya kufunika. Nailoni inanata ku ngozi.