Kalibu iliyo kwa mwuza chupa: Ni ushuru upi unaoweza kurudi?

MSINDIKAJI wa maembe wa Kitui au Makueni anayetaka sharubati yake iuzwe katika chupa yenye umbo la kipekee hulazimika kugharamia kalibu, yaani chombo cha chuma kinachoipa chupa umbo lake.

Aghalabu kalibu hiyo haifiki kwake kamwe. Hubaki katika kiwanda cha mwuza chupa, ingawa aliyeilipia ni mwingine. Je, ushuru uliotozwa kalibu hiyo waweza kumrudia?

Jibu hutegemea ni ushuru upi unaozungumziwa, kwani kuna aina mbili ambazo ni rahisi kuzichanganya.

Ya kwanza ni ushuru wa bidhaa. Chini ya Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015, sharubati hutozwa kiasi maalumu cha fedha kwa kila lita. Kalibu iwe ghali au rahisi, kiasi hicho hakibadiliki.

Kifungu cha 14 cha sheria hiyo humruhusu mtengenezaji kupunguza deni lake kwa kiasi cha ushuru wa bidhaa alicholipa tayari kwenye malighafi. Lakini kalibu si malighafi. Ni kifaa cha kazi. Haimpi nafuu yoyote hapo.

Ya pili ni ushuru wa ziada ya thamani, VAT, ambao ni asilimia 16. Sheria yake ya 2013 ni pana zaidi. Ushuru uliolipwa kwa kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya biashara inayotozwa VAT hukatwa kutoka kwa ule unaodaiwa, hata kitu hicho kikiwa mashine. Jambo la msingi si kalibu imewekwa katika ghala la nani, bali imenunuliwa na nani na kwa kazi gani.

Tuchukulie kalibu inauzwa Sh500,000. VAT yake ni Sh80,000. Msindikaji aliyesajiliwa, mwenye ankara halali iliyoandikwa jina lake, aweza kuzidai katika muda wa miezi sita. Asiyesajiliwa hana njia. Hasara ni yake.

Usajili ni lazima kwa anayeuza bidhaa za Sh5 milioni au zaidi kwa mwaka. Aliye chini ya kiwango hicho aweza kuomba kwa hiari, na kabla ya kununua kalibu yafaa apige hesabu hiyo.

Hatari nyingine i katika mapatano ya mdomo. Mwuza chupa akiingiza gharama ya kalibu kidogo kidogo katika bei ya chupa, msindikaji hubaki na ankara za chupa pekee. Wakikosana, atathibitishaje kwamba kalibu ni yake?

Basi mkataba utaje mwenye kalibu, nayo ankara yake iandikwe kando. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.