Itereta: Kupitia Data Bila Kujua Chombo Kilivyoundwa

Taarifa za kila mwezi za vituo vya afya katika Mji wa Babati huingizwa katika DHIS2, mfumo ulioandikwa kwa lugha ya Java na unaotumika kote nchini Tanzania. Programu za aina hiyo hutunza data katika vyombo vya jumla, yaani miundo inayoweza kubeba majina, tarehe au idadi ya wagonjwa. Chombo kimoja huwa orodha ya mfululizo, kingine mti wenye matawi, lakini msimbo unaojumlisha takwimu hauna haja ya kujua tofauti hiyo, kwa kuwa itereta, kitu kidogo kinachokumbuka kilipofikia, huulizwa tu kama kuna kinachofuata, kisha hukitoa. Wazo hili lilikuzwa na mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov katika lugha ya CLU miaka ya 1970. Java ikawa na itereta mwaka 1998, na mwaka 2004 ikaongeza ukaguzi wa aina za vitu vilivyomo ndani ya vyombo, faida kubwa kweli, maana kuchanganya tarehe na idadi hugunduliwa kabla programu haijaanza kazi. Orodha ikibadilishwa msimbo ukiwa bado unaipitia, kwa kawaida Java husitisha kazi na kutoa kosa. Ndiyo sababu anayetaka kufuta rekodi akiwa bado anaipitia orodha hushauriwa kuifuta kupitia itereta yenyewe.