Moduli ya redio haijakufa, iko na njaa

Kila mwaka, wakati wanafunzi wanakaribia kutetea TFC, ninapokea ujumbe wa namna moja: «Yaya, moduli imekufa. Nimenunua ingine, nayo imekufa.» Wengi wao ni watu wa agronomi kama mimi. Wanataka kapteri ya unyevu wa udongo ikae katikati ya shamba na namba zifike ku ordinatere bila kuvuta waya mita 200. Wazo ni zuri. Wananunua Arduino Nano mbili na moduli mbili za nRF24L01+, ile ndogo yenye miguu 8, wanaunganisha, wanawasha, na mu skrini hakuna kitu. Ao namba zinakuja mara tatu, halafu kimya.

Basi wanarudi dukani. Kwa mwanafunzi, bei ya moduli tatu njo bei ya kuchapisha kitabu chake na kukifunga. Na kama duka haina, vitu vinaagizwa mbali, na tarehe ya kutetea haingoji mzigo. Ndiyo maana naandika: kati ya zile «zilizokufa» ambazo nimeshika mu mikono yangu, karibu zote zilikuwa nzima. Zilikosa chakula, ni kusema kuran.

Tuelewane kwanza juu ya volti. Moduli hii inakula kati ya volti 1,9 na 3,6. Ukiiweka ku 5V, hapo kweli unaiua. Lakini miguu yake mingine, ile inayopokea ishara kutoka kwa Nano, inavumilia volti 5, kwa hiyo hauna lazima ya kutafuta kitu cha kupunguza ishara. Wanafunzi wanajua hiyo, wanaweka VCC ku pini ya 3,3V ya Arduino, wanapima na multimetre, wanaona 3,3. Wanasema: umeme uko, shida iko kwingine.

Hapo njo mtego. Moduli ya kawaida, ile ambayo antene yake imechorwa ku plake yenyewe, inakula karibu miliampere 11 wakati inatuma kwa nguvu yake yote, na miliampere 13 ao 14 wakati inasikiliza. Hiyo ni kidogo. Lakini wengi wananunua ile kubwa yenye antene ya nje, juu muuzaji ameandika inafika mita 1000. Ile iko na kikuza-nguvu ndani, na wakati inatuma inaweza kuvuta zaidi ya miliampere 100. Pini ya 3,3V ya Arduino ya kweli inatoa miliampere 50. Ku zile kopi za bei ndogo, mara nyingi inatoa chini ya hapo.

Sasa, kwa nini multimetre haioni? Juu kutuma ujumbe mmoja wa bayiti 32, hata kwa mwendo wa polepole, kunachukua milisekunde moja na kidogo. Volti inaanguka, moduli inasahau kazi, volti inarudi. Multimetre yako inaonyesha wastani tu, na wastani ni mzuri. Ni kama kupima mvua ya mwezi mzima na kusema mahindi haikuteseka, kumbe ilinyesha siku mbili tu.

Dawa ni kondansateri. Chukua ya mikrofaradi 10 mpaka 100, ichomelee moja kwa moja ku miguu ya VCC na GND ya moduli yenyewe, si mbali ku plake ya majaribio. Angalia upande wa kutoa, wenye mstari, uende ku GND. Kondansateri inaweka akiba, na ile milisekunde ya njaa inapita. Kwa moduli kubwa, kondansateri peke yake haitoshi siku zote: weka regulatere yake ya 3,3V (AMS1117 inatosha) inayokula ku 5V, na GND ya vyote iwe moja. Kusahau kuunganisha GND nimekuona mara nyingi kuliko vile ningependa kusema.

Kama umeme ni sawa na bado kimya, nenda ku waya. Maktaba ya RF24 iko na amri inaitwa printDetails. Inaandika mu skrini yale yote moduli inajibu. Ukiona 0x00 kila mahali, ao 0xff kila mahali, Arduino haizungumzi na moduli hata kidogo. Usipoteze usiku juu ya antene. Ku Nano na Uno, MOSI ni pini 11, MISO ni 12, SCK ni 13. Ku Mega ni 51, 50 na 52, na watu wanakopi mchoro wa Uno bila kusoma. CE na CSN unachagua mwenyewe, lakini zile umeandika mu programu lazima ziwe zile umeunganisha. Mfano mmoja unatumia 7 na 8, mwingine 9 na 10.

Kisha pande mbili zipatane: kanale moja, mwendo moja, anwani moja. Kanale ya kuanzia mu maktaba ni 76, ni kusema megahetzi 2476, na hapo karibu Wi-Fi inapita. Mu mji, jaribu kanale zingine kabla ya kulaumu moduli. Weka mwendo wa chini, kilobiti 250 kwa sekunde. Namba ya unyevu kila dakika kumi haihitaji haraka, na polepole inafika mbali. Ila angalia jina: nRF24L01 bila alama ya + haina mwendo huu. Na mezani, punguza nguvu mpaka MIN na utenganishe moduli kubwa mita moja ao mbili, juu zikipigiana kelele karibu sana, masikio yanaziba.

Mdogo mmoja alinionyesha unyevu wa udongo wenye maelfu ya asilimia. Redio yake ilikuwa nzuri kabisa. Upande mmoja aliweka Nano, upande wa pili ESP32, na «int» ku Nano ni bayiti 2, lakini ku ESP32 ni bayiti 4. Kila upande unakata mkate kwa kisu chake. Andika int16_t pande zote, imekwisha.

Sasa tufike shambani, na hapa watu wa agronomi tuko na faida. Mezani vyote vinatembea, shambani mita 40 tu na kimya. Jani la mhindi ni maji kwa sehemu kubwa, na mawimbi ya gigahetzi 2,4 yanapotea mu maji. Mwanafunzi mmoja, karibu na Lubumbashi, aliweka kisanduku chini, kando ya kapteri, mu mahindi ya kumwagilia wakati wa kiangazi. Mahindi ikiwa na wiki tatu, namba zilifika vizuri. Mahindi ilipopita kifua, zikaanza kukosekana, zaidi asubuhi kukiwa na umande. Alikuwa tayari kuandika mu TFC kwamba «vifaa havifai mu mazingira yetu». Mazingira yalikuwa yanamwambia kitu kingine.

Kuona antene ya pili kwa macho haitoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi tupu kuzunguka ule mstari. Kwa mita 100, katikati ya njia, nafasi hiyo ni karibu mita 1,8 kila upande. Kwa hiyo nguzo ya mita 2 juu ya mahindi ya mita 2 ni bure. Tulimpandishia antene ku bambu za mita 4, kapteri ikabaki chini na waya wake, antene zote mbili zikasimama wima. Namba zikarudi siku ile ile.

Tena kitu kimoja: ku RF24, «imeshindwa» maana yake jibu halikurudi. Inawezekana ujumbe ulifika na jibu njo lilipotea. Soma upande wa kupokea kwanza.

Na kama yote haya umefanya, badilisha: moduli ya kutuma uiweke pa kupokea, ya kupokea pa kutuma, bila kugusa waya zingine. Shida ikibaki pale pale, tafuta mu waya na umeme wa pale. Shida ikihama pamoja na moduli, sawa, sasa nenda dukani.