Fahamu: Kwa nini mwenye PCOS achunguzwe fizi pia

Ukipiga mswaki ukatema povu lenye damu, usikimbilie kulaumu mswaki. Fizi yenye afya haitoki damu. Na kama una PCOS, lile tatizo la homoni linalovuruga hedhi, kuotesha ndevu kidevuni na kujaza vifuko vidogo kwenye ovari, damu hiyo ni ya kuchukuliwa kwa uzito.

Tafiti za Uturuki, India na kwingineko zimeona uvimbe wa fizi zaidi kwa wanawake wenye PCOS kuliko wenzao. Kwa wengi wao insulini haifanyi kazi sawasawa, na mwili huishi na uvimbe wa chinichini. Bakteria wa ukoga wanapogusa fizi, kinga hujibu kwa nguvu kupita kiasi. Haijathibitishwa kwamba PCOS ndiyo chanzo, lakini uhusiano upo.

WHO hukadiria kuwa asilimia 6 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana PCOS, na hadi asilimia 70 yao hawajui kuwa wanayo. Inaniuma kwamba kliniki ya uzazi mara chache huuliza habari za kinywa. Basi mwambie daktari wa meno mwenyewe, apime fizi na kukwangua ugaga.