Dua Ikichelewa: Somo la Jirani Yangu

Waama, subira ni neno tulilonyonya pamoja na maziwa. Chuoni, tukiwa tumekalia jamvi, maalim alitusimulia kisa cha Nabii Yaakub, aliyelia hata macho yakafanya weupe kwa kumngojea Yusuf, na cha Nabii Zakaria, aliyeomba mtoto hali kichwa kimejaa mvi. Basi nilidhani, msomaji mpenzi, kuwa subira ya dua ni hazina yetu peke yetu. Aliyenitoa ujinga ni jirani yangu, mama wa Kirabai, Mkristo, aliyepita miaka sabini.

Mwanangu wa pili alikwenda Uarabuni kutafuta riziki, kisha ikapita miezi minane, hapana simu, hapana salamu. Niliomba hata nikachoka, na jioni moja mama yule alinikuta barazani nimejiinamia. Nikamwuliza, "Mama, nyinyi dua ikichelewa hufanyaje?"

"Twaomba tena, mwanangu," akajibu. "Wangu aliingia melini, huu ni mwaka wa sita sina habari naye."

Nilinyamaza kwa haya, kwani miaka yote ile tulikuwa tukiamkiana bila mimi kujua.

Alinieleza kuwa kila alfajiri, adhana yetu inapomwamsha, naye husali sala yao ya Baba Yetu, akamtaja mwanawe kwa jina, kisha akashika ufagio. "Sikai mlangoni kumngoja," alisema. "Nimeshamkabidhi mwenyewe, nami nafanya kazi yangu." Akanisimulia mfano ulio katika Injili yao, wa mjane aliyemwendea kadhi dhalimu siku baada ya siku, hata kadhi akachoka akampa haki yake. Ikiwa dhalimu husikia, wasema wao, itakuwaje kwa Mola aliye mwadilifu? Itikadi zetu zaachana katika mengi, na hilo halifichiki. Lakini mimi sikuuliza itikadi, niliuliza subira.

Kisha akanikumbusha mtu ambaye wazee wake huko Rabai walimjua, mmisionari Johannes Rebmann. Krapf, aliyemtangulia, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka uohuo akamzika mkewe na kitoto chake kichanga. Rebmann alikuja 1846, wakajenga Rabai. Krapf alipoondoka 1853, mwenziwe alibaki. Alikaa karibu miaka 29 bila kurudi kwao Ujerumani, akaomba watu waifuate dini yake, na waliobatizwa wakawa wachache mno. Mkewe naye akafa, na macho yake mwenyewe yakaingia giza. Hata hivyo hakukunja mikono. Alikusanya maneno ya lugha za watu weusi na kuyaandikia kamusi. Aliondoka 1875 hali ni kipofu, akafa mwaka uliofuata.

Mwaka uleule alioondoka ndipo kilipoanzishwa kijiji cha Frere Town, cha watumwa waliookolewa, ambacho kengele yake ndiyo iliyopaita Kengeleni tunapopita kila siku. Wakristo wakaongezeka pwani, yeye asiwaone. Mimi siombi alichokiomba Rebmann, wala sitazamii msomaji akiombe. Ninachokitazama ni mtu kuwa mlangoni pa Mola wake miaka 29 bila kufunguliwa alivyotaka, na asigeuze uso.

Mwezi wa tisa mwanangu alipiga simu. Alikuwa amefungiwa pasipoti na mwajiri wake, sasa yu salama na ataka kurudi. Nilisujudu sijda ya shukrani. Kisha nikasimama uani nikisita, kwani nitampelekaje mama yule furaha ambayo yeye hajaipata? Mwishowe nilikwenda. Alinishika mikono miwili, machozi yakamtoka, akasema, "Ahimidiwe Mungu. Kumbe leo ilikuwa zamu yako."

Hakusema zaidi, wala sikuona kijicho machoni pake. Nimesoma mengi juu ya subira, lakini kufurahia jibu la mwenzio hali lako halijaja, hilo nililiona kwake.

Jumapili iliyofuata nilimwona apita na leso yake na kitabu kwapani, aenda kanisani. Mwanawe hajarudi. Nami katika dua zangu, baada ya kuwataja wanangu, sasa namtaja na wake. Mola ndiye ajuaye.