MDUDU WA PANGO ANAPATA JINA NAMNA GANI?



Wengi mnalalamika katika biolojia: «Majina haya ya Kilatini ni ya nini?» Sisi wa mwaka wa sita tunataka kujibu kidogo, kwa habari ya mdudu mmoja tu.

Mwaka 1831, katika pango la Postojna, nchi ya Slovenia (wakati ule ilitawaliwa na Austria), Luka Čeč alikuwa mtu wa kazi. Alisaidia kuwasha taa. Humo ndani aliona mbawakawa mdogo wa ajabu: hana macho, hawezi kuruka, shingo nyembamba, miguu na vipapasio virefu, mgongo umevimba kama yai. Hakumkanyaga. Alimpeleka kwa mkubwa mmoja, Franz von Hohenwart. Huyu naye hakumjua, akampa Ferdinand Schmidt, aliyejifunza wadudu. Mwaka 1832 Schmidt akaandika habari zake na kumwita Leptodirus hochenwartii. Neno la kwanza ni la Kigriki, maana yake «shingo nyembamba». La pili ni heshima ya Hohenwart.

Sasa, kwa nini mwaka mzima hivi? Sababu kusema «aina mpya» ni kazi. Kwanza kumlinganisha na wote wanaojulikana. Na katika giza kufanana kunadanganya: wadudu wa koo mbalimbali wanapoteza macho na rangi, miguu inakuwa mirefu, halafu unafikiri ni ndugu. Hata kwetu Kongo, samaki wa mapango ya Mbanza-Ngungu, Caecobarbus geertsii, aliyepewa jina mwaka 1921, hana macho. Kwa hiyo wataalamu wanatazama kwa mikroskopi nywele ndogo na viungo vya uzazi vya dume. Siku hizi wanapima ADN pia. Kisha wanaandika maelezo mbele ya watu wote, wanatoa jina la ukoo na la aina, na mdudu mwenyewe anatunzwa katika makumbusho, ili mwingine aweze kuhakikisha.

Iko jambo moja linatuuma: jina la Čeč halimo katika jina la mdudu. Na kanuni ni kwamba jina lililotangulia ndilo linabaki. Halibadilishwi kwa huruma. Lakini bila macho ya Čeč, Schmidt hangekuwa na kitu mezani. Kutoka hapo watu wengi wakaanza kutafuta wanyama katika mapango, na elimu mpya ikazaliwa.

Basi, ninyi wadogo zetu, mkiokota mdudu msiyemjua, msimtupe hivi hivi. Mwekeni katika chupa pamoja na karatasi ndogo: mahali, tarehe, na jina la aliyemwokota. Katika makumbusho karatasi hiyo inakaa chini ya mdudu siku zote. Jina la heshima wengine watalitoa. Jina la aliyemwona, tuliandike sisi wenyewe.

Kwa niaba ya mwaka wa sita,
Mkubwa wa wanafunzi